Jozi Moja, Theluji Tano: Skii za Mlima Mzima kwa Wakazi wa Riyadh na Jeddah

Skii ya mlima mzima ni ile iliyoundwa isimwangushe mtelezaji popote mlimani: asubuhi kwenye njia ngumu iliyosawazishwa na mashine, mchana kwenye theluji iliyokwisha kuvurugwa na watu, na siku ya bahati kwenye unga mpya unaofika magotini. Ndiyo aina inayonunuliwa na mtu asiyeweza kumiliki zaidi ya jozi moja. Mkazi wa Riyadh au Jeddah yumo katika kundi hilo moja kwa moja. Hana mlima wa theluji karibu na nyumbani, husafiri mara moja au mbili kwa mwaka, na kila safari humkutanisha na theluji tofauti na ile ya safari iliyopita.

Riyadh iko kwenye uwanda wa jangwa, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Jeddah imekaa ufukweni mwa Bahari ya Shamu. Theluji ya asili iliyo karibu zaidi ndani ya Saudi Arabia huanguka kwenye milima ya Tabuk, kaskazini-magharibi, ambako Jabal al-Lawz hupita mita 2,500. Haianguki kila mwaka kwa kiasi cha kutosha, na inapoanguka huwa tabaka jembamba juu ya mawe, likayeyuka baada ya siku chache. Katika milima hiyohiyo ndiko ulikopangwa mji wa Trojena, ambao Baraza la Olimpiki la Asia liliupa mwaka 2022 uenyeji wa Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi ya 2029. Mapema mwaka 2026 ilitangazwa kwamba uenyeji huo umeahirishwa. Riyadh kwenyewe kuna Snow City, iliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya Al Othaim Mall mtaa wa Rabwa. Hapo ni mahali pa familia kucheza na sleji na kuonja baridi, si pa kujifunza skii kwa umakini.

Kwa hiyo skii za mkazi wa miji hii miwili huanza safari uwanja wa ndege. Swali la kununua haliwezi kutenganishwa na swali la kule zinakokwenda.

Umbo linavyofanya kazi

Maneno mengi ya matangazo ya skii huweza kupunguzwa hadi mambo manne: upana wa kiuno, mkunjo wa ubavu, tao la katikati, na vilivyomo ndani.

Kiuno ni sehemu nyembamba ya skii, chini ya kiatu, na hupimwa kwa milimita. Skii ya njia ngumu huwa na kiuno cha milimita 65 hadi 82 hivi. Skii ya mlima mzima huanzia karibu 84 hadi 105. Juu ya 110 ni skii za theluji ya unga mwingi. Tofauti ya milimita 18 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kutoka kiuno cha 78 kwenda 96 ni ongezeko la karibu robo ya upana, na mguu huihisi tofauti hiyo kwenye kona ya kwanza.

Wavuvi wa pwani wanaijua kanuni hii bila kufundishwa. Mtumbwi mwembamba hukata maji na kugeuka upesi. Chombo kipana hukaa juu ya maji na kubeba uzito. Skii nayo ni hivyo. Iliyo pana huelea juu ya unga kwa sababu uzito wa mtu umegawanywa kwenye eneo kubwa. Iliyo nyembamba huhama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine kwa haraka na kuuma theluji ngumu, kwa sababu makali yake ya chuma yako karibu na katikati ya mguu. Skii pana ikilazwa kwenye theluji ngumu, makali huwa mbali na katikati ya mguu, na nguvu ya kuyashikilia hutoka kifundoni na gotini. Baada ya saa nne au tano magoti hulalamika.

Mkunjo wa ubavu ni ile hali ya skii kuwa pana kwenye ncha na mkia na nyembamba katikati. Skii ikiinamishwa ubavu na kukandamizwa, hupinda na kuchora sehemu ya duara. Ukubwa wa duara hilo huandikwa juu ya skii kama nusu kipenyo kwa mita. Nusu kipenyo cha mita 13 au 14 hutoa kona fupi, zinazofuatana upesi. Mita 16 hadi 19, ambazo ndizo za skii nyingi za mlima mzima, hutoa kona za wastani. Zaidi ya mita 20 ni skii inayotaka kasi na nafasi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 skii zilikuwa karibu zimenyooka. Kampuni ya Elan ya Slovenia ilipoleta skii ya SCX yenye mkunjo mkubwa mwaka 1993, ufundishaji wa mchezo huu ulibadilika kote duniani, kwa sababu mwanafunzi aliweza kuchora kona safi kwa kuiinamisha skii tu.

Tao ni jambo la tatu, na ndilo linaloweza kukaguliwa dukani kwa mikono. Skii mbili zikisimamishwa na kugusanishwa uso wa chini kwa uso wa chini, mwangaza hupenya mahali zisipogusana. Nafasi ikionekana katikati, chini ya kiatu, skii ina tao la kawaida: mtelezaji akisimama juu yake, uzito hulilaza tao hilo na makali yote hukandamizwa kwenye theluji. Hiyo ndiyo nguvu ya kushika. Nafasi ikianza mapema kuelekea ncha, sentimita 20 au 30 kabla ya mwisho, basi ncha zimenyanyuliwa. Ncha iliyonyanyuliwa hupanda juu ya unga badala ya kuzama, na huingia kwenye kona bila kunasa. Skii nyingi za mlima mzima za leo zina vyote viwili: tao chini ya kiatu, ncha iliyonyanyuka mbele, na mkia ulionyanyuka kidogo nyuma.

Wazo la kunyanyua ncha lilitoka majini. Mtelezaji wa Marekani Shane McConkey alifikiri kwamba unga mwingi una tabia za maji zaidi kuliko za ardhi, hata akajaribu kuteleza mlimani kwa skii za majini. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ilitoa skii yake iitwayo Spatula, iliyokuwa imenyanyuka pande zote mbili na pana zaidi katikati kuliko kwenye ncha. Kwenye unga iliteleza kama mashua. Kwenye njia ngumu haikushika kitu. Skii ya mlima mzima ya sasa imechukua nusu ya wazo hilo na kuiacha nusu.

Jambo la nne ni vilivyomo ndani. Kiini huwa cha mbao, mara nyingi mpopla au paulownia, kilichofunikwa kwa nyuzi za kioo. Baadhi ya skii huongezewa mabati membamba ya Titanal, ambayo licha ya jina lake ni aloi ya alumini. Bati hilo huongeza uzito na kunyamazisha mtetemo, hivyo skii hutulia kwenye kasi na kwenye theluji iliyoganda. Skii isiyo na bati, au yenye nyuzi za kaboni badala yake, huwa nyepesi na changamfu, rahisi kugeuza, lakini huyumba ikisukumwa sana. Ya bati ya urefu wa kati hufikia karibu kilo 2 kwa upande mmoja; isiyo na bati huweza kushuka hadi kilo 1.7 au 1.8.

Theluji tano za msafiri

Theluji haina jina moja kwa anayetembea juu yake. Mkazi wa Riyadh au Jeddah hukutana na aina tano.

Ya kwanza ni theluji iliyosawazishwa na kushindiliwa. Iliyo karibu zaidi iko ndani ya jengo: Ski Dubai, katika Mall of the Emirates, iliyofunguliwa mwaka 2005. Njia yake ndefu ina urefu wa mita 400 na mteremko wa mita 60. Theluji hutengenezwa kwa mashine usiku, joto likiwa limeshushwa chini ya sifuri, kisha husawazishwa kabla ya watu kuingia. Punje za theluji ya mashine ni za mviringo na hushikana sana. Hazina matawi ya nyota kama punje za theluji ya mawinguni. Unga mpya huweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo, na theluji iliyoshindiliwa hufikia 400 au 500. Skii pana haina kazi hapo. Inayofaa ni ya kiuno cha 70 hadi 85, yenye kona fupi, kwa kuwa mteremko wenyewe huisha kabla ya kona ndefu kukamilika.

Ya pili ni theluji iliyoganda hadi kukaribia barafu. Hupatikana asubuhi mapema kwenye vituo vya milima ya Alps na vya Uturuki, baada ya jua la jana kuyeyusha uso na baridi ya usiku kuugandisha. Hapa makali ndiyo kila kitu. Mafundi huyapima kwa ukucha: ukucha wa kidole gumba ukiburuzwa taratibu kukatiza makali, makali mazima huchonga unga mweupe, makali butu huteleza tu. Kwenye theluji hii skii ya bati yenye tao kamili hushinda nyingine zote, na skii pana yenye ncha zilizonyanyuka sana humfanya mtelezaji mzuri aonekane mgeni.

Ya tatu ni unga. Shymbulak, juu ya jiji la Almaty nchini Kazakhstan, na Palandöken, juu ya Erzurum mashariki mwa Uturuki, ziko mbali na bahari, na baridi yao ni kavu. Unga wa huko ni mwepesi na husubiri siku kadhaa bila kushikana. Gudauri nchini Georgia hupata theluji nyingi kwenye miteremko mipana isiyo na miti, hadi karibu mita 3,300. Kiuno cha 95 hadi 105 humtosha mtu wa uzito wa wastani hapo. Uzito wa mtelezaji ni hesabu inayosahauliwa: mtu wa kilo 60 huelea juu ya skii ya 95, ilhali mtu wa kilo 90 huhitaji 105 au zaidi.

Ya nne ni theluji iliyovurugwa. Saa tano asubuhi, baada ya watu mia kadhaa kupita, unga wa alfajiri huwa mafungu na mifereji, laini hapa na ngumu pale. Skii nyepesi hurushwa huku na huko na kila fungu. Skii nzito yenye bati hupasua katikati. Kwa vile unga huvurugwa ndani ya saa chache na kubaki hivyo kwa siku, hii ndiyo theluji ambayo msafiri wa wiki moja hutumia muda mwingi zaidi juu yake anapotoka nje ya njia, ingawa hakuna tangazo linaloipiga picha.

Ya tano ni theluji tepetepe, yenye maji. Milima ya Lebanon inaitazama Bahari ya Kati, na kituo cha Mzaar, kinachofika mita 2,465, hupata theluji yenye unyevu mwingi. Kuanzia Machi huwa nzito kama uji. Theluji ya namna hii hushika uso wa skii na kuuvuta nyuma. Upana wa wastani, ncha iliyonyanyuka na nta ya joto ndivyo vinavyosaidia. Skii nyembamba huzama, na ndipo magoti huumia.

Vikundi vitatu vikilinganishwa

Kikundi cha kwanza kinaelemea njia: kiuno cha 75 hadi 88. Mfano mzuri ni Head Supershape e-Rally, yenye kiuno cha 78 na kona ya mita 14 hivi. Ni skii ya mtu anayependa kulaza ubavu na kuacha michoro miwili safi nyuma yake. Kwenye theluji ya aina ya kwanza na ya pili haina mpinzani kati ya zinazotajwa hapa. Ikiingia kwenye unga wa sentimita 30, ncha hutafuta kuzama na mtelezaji hulazimika kukaa nyuma, mkao unaochosha mapaja.

Kikundi cha pili ndicho kitovu cha mlima mzima: kiuno cha 90 hadi 100. Ndani yake kuna familia mbili zenye tabia tofauti, na tofauti hiyo ina uzito zaidi kuliko milimita za kiuno. Familia ya bati ina Völkl M6 Mantra ya 96, Nordica Enforcer ya 94 na Blizzard Bonafide ya 97. Hizi hutulia kwenye kasi, hupasua theluji iliyovurugwa na hushika vizuri kwenye ngumu. Hudai mwenye nguvu na anayejua kukandamiza mbele ya kiatu. Asiyejua huziona kama zinamwendesha yeye. Familia nyepesi ina Elan Ripstick ya 96, Salomon QST ya 98 na Atomic Bent ya 100. Hizi hugeuka kwa urahisi kwenye matuta na kati ya miti, na husamehe kosa. Ripstick ina jambo la pekee: kila skii ina upande wake. Ukingo wa ndani umewekewa tao ili ushike, na ukingo wa nje umenyanyuliwa ili usinase, hivyo ya kulia haivaliwi kushoto.

Kikundi cha tatu ni cha 105 na zaidi, hadi skii kama Atomic Bent Chetler ya milimita 120. Ni chombo cha ajabu siku ya unga mwingi. Kwa mkazi wa Riyadh au Jeddah anayekata tiketi miezi miwili kabla, bila kujua kama theluji mpya itaanguka wiki hiyo, kuinunua ni kuweka fedha kwenye siku moja kati ya kumi. Siku hiyo ikija, skii hizo hukodishwa mlimani.

Mshika mawili moja humponyoka, na skii ya mlima mzima inashika matano. Hakuna iliyo bora kwenye barafu na bora kwenye unga kwa pamoja. Kila faida imelipiwa na hasara fulani. Kwa sababu hiyo swali la haki kwa muuzaji si «ipi ni bora?» bali «hii imeacha nini ili ipate ilicho nacho?» Muuzaji anayeijua kazi yake hulijibu kwa sentensi moja.

Mtindo na kipimo cha mtu

Anayeanza, aliyekwisha kujifunza kona za mwanzo Dubai na anayekwenda mlimani kwa mara ya kwanza, anahitaji skii fupi na laini: urefu unaofika kidevuni au mdomoni, kiuno cha 75 hadi 85, bila bati. Akinunua skii ya mtaalamu kwa matumaini ya kuikulia, atachelewa kukua, kwa sababu skii ngumu haipindi chini ya mtu asiyeikandamiza, na skii isiyopinda haigeuki.

Wa kati, anayeshuka njia nyekundu, zile za ugumu wa kati, bila hofu na kuanza kuchungulia nje ya njia, ndiye anayefaidi zaidi skii ya mlima mzima. Kiuno cha 84 hadi 95 humtosha, urefu kati ya pua na paji la uso. Skii yenye ncha zilizonyanyuka sana huweza kuchukuliwa ndefu zaidi kwa sentimita tano hivi, kwa kuwa sehemu inayogusa theluji ngumu ni fupi kuliko urefu wote.

Mjuzi hugawanyika kwa tabia. Anayependa kasi na kona ndefu achukue familia ya bati. Anayependa miti, matuta na kurukaruka achukue nyepesi.

Nje ya vikundi hivi kuna skii zisizokubali makubaliano yoyote: za mashindano. Mnamo 13 Februari 2022, katika mbio za kona kubwa za wanaume kwenye Olimpiki ya Beijing, theluji ilianguka mfululizo na upeo wa macho ulifunikwa. Fayik Abdi wa Saudi Arabia, aliyeanza skii akiwa mtoto huko Lebanon, alimaliza wa 44. Shannon Abeda wa Eritrea, nchi iliyo ng'ambo ya pili ya Bahari ya Shamu, alimaliza wa 39. Kanuni za mbio hizo hudai skii zenye urefu usiopungua sentimita 193 na nusu kipenyo cha mita 30, kiuno kisizidi milimita 65. Kwa mtalii wa wiki moja skii kama hiyo ingekuwa adhabu. Kwa mlango mmoja baada ya mwingine kwenye barafu iliyomwagiwa maji, hakuna nyingine inayofaa. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria na kuiwakilisha Kenya Pyeongchang mwaka 2018, naye alishindania juu ya mbao za namna hiyo.

Za nyandani ni jamii nyingine kabisa: ndefu, nyembamba, nyepesi, kisigino kikiwa huru. Ndizo alizotumia Philip Boit wa Kenya kwenye mbio za kilomita 10 Nagano mwaka 1998, na ndizo alizochagua Rakan Alireza wa Jeddah. Haziwezi mteremko mkali, wala skii ya mlima mzima haiwezi kazi yao.

Kiatu na kifungo kwanza

Kiatu kisichokaa vizuri huharibu skii yoyote. Hupimwa kwa sentimita za mguu, si kwa namba za viatu vya mtaani, na mguu wa kawaida ukisimama wima vidole hugusa mbele kidogo. Magoti yakipinda, vidole hurudi nyuma. Anayelazimika kuchagua kimoja cha kununua achague kiatu na akodishe skii. Kiatu chenye umbo la mguu wake hakipatikani kwenye rafu ya kukodisha.

Kifungo, kinachoshikanisha kiatu na skii, ni chombo cha usalama. Kazi yake ni kuachia mguu kabla ya mfupa kuvunjika. Namba ya kuachia huwekwa na fundi kwa kufuata uzito, urefu, umri, urefu wa soli na uwezo wa mtelezaji, na haikisiwi nyumbani. Soli za viatu nazo zina viwango tofauti, kile cha zamani na kile cha GripWalk chenye mpira uliopinda. Kifungo lazima kiendane na soli. Breki za kifungo lazima ziwe pana kidogo kuliko kiuno: breki ya milimita 90 haitashuka kwenye skii ya 98.

Joto la Riyadh, chumvi ya Jeddah

Skii za mkazi wa miji hii hukaa kabatini zaidi ya wiki 50 kwa mwaka, na huko ndiko zinakozeeka.

Riyadh adui ni joto na ukavu. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na ndani ya gari lililofungwa au chumba cha juu chini ya paa hupanda zaidi. Tabaka za skii zimeunganishwa kwa gundi, na joto la muda mrefu huidhoofisha. Uso wa chini, ambao ni plastiki ya polithini, hukauka ukawa na weupe kama ngozi iliyopauka wakati wa kipupwe.

Jeddah adui ni hewa ya bahari. Makali ni chuma, na chumvi pamoja na unyevu huyala upesi. Skii iliyorudishwa kutoka mlimani ikiwa na unyevu, ikaachwa ndani ya begi lililofungwa zipu, hufunguliwa wiki mbili baadaye ikiwa na mstari wa rangi ya chungwa pande zote, na kitambaa cha begi kimetiwa doa pembeni. Kutu nyepesi huondolewa kwa mpira maalumu wa kusugulia. Kutu iliyochimba huacha vishimo, na makali yenye vishimo hayashiki barafu tena mpaka yasagwe.

Tiba ya miji yote miwili ni moja. Skii zifutwe zikauke siku ya mwisho, zisinolewe hadi msimu mpya, na zipakwe nta nene inayofunika uso wote pamoja na makali, bila kukwanguliwa. Zihifadhiwe wima au zimelazwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nje ya begi. Nta hiyo hukwanguliwa siku moja kabla ya safari, na skii hutoka laini kama mpya.

Wapo wanaozitoa skii zao kwenye matuta mekundu ya mchanga ya magharibi mwa Riyadh au yale ya Thumamah. Mchanga ni chembe za kwatzi, ngumu kuliko plastiki yoyote ya skii: hukwaruza uso wa chini na kubutua makali kwa mchana mmoja. Mbao za mchangani huwa na uso mgumu wa laminati unaopakwa nta kila baada ya mteremko. Skii ya kupeleka jangwani ni ile ambayo mlima hauihitaji tena.

Kununua au kukodisha

Skii nzuri ya mlima mzima huuzwa kati ya dola 600 na 900 za Marekani bila vifungo, yaani riyali 2,250 hadi 3,375. Anayeteleza chini ya siku kumi kwa mwaka hana sababu ya kununua. Akodishe, na kila siku ajaribu kiuno tofauti. Siku tatu za kukodisha, moja ya 78, moja ya 88 na moja ya 98 kwenye mlima uleule, humfundisha mtu mambo ambayo ukurasa wowote wa ulinganisho hauwezi kumpa. Anayezidi siku hizo, na aliyekwisha kujua mtindo wake, ndiye wa kununua.

Uamuzi wenyewe hufuata safari. Mwenye kwenda Dubai na njia za Alps achukue 78 hadi 86. Mwenye kwenda Uturuki na Lebanon kwa zamu achukue 86 hadi 94, yenye ncha iliyonyanyuka kwa ajili ya theluji tepetepe. Mwenye Gudauri au Shymbulak kila Februari achukue 94 hadi 100: ya bati kama ana nguvu na kasi, nyepesi kama anapenda kona na miti. Anayebaki na shaka kati ya namba mbili achukue ndogo, kwa sababu siku nyingi za msafiri wa kutoka Riyadh na Jeddah ni siku za theluji ngumu.